Mashine ya vifaranga inayoyumba, na elimu iliyotokana na kuyumba huko

Swali: "Nina mashine ya kuangua vifaranga hapa Kasarani, ya mayai 60, niliyotengenezewa na fundi wa Kariobangi. Ina balbu mbili za wati 100, feni, na themostati aina ya W1209. Nimeweka 37.7, lakini joto hushuka hadi 35.5 kisha likapanda hadi 39, mchana kutwa. Kijana wangu anasomea uhandisi. Anasema shida hii hii ndiyo iliyozaa elimu inayoitwa saibanetiki, na kwamba siku hizi ndiyo inayoamua hata mkopo wangu wa simu. Ni kweli au ananichezea? Na elimu hiyo ilianzia wapi?"

Mama, hakuchezei: saibanetiki ni elimu ya udhibiti na mawasiliano katika viumbe na katika mashine. Ameruka hatua kadhaa, lakini njia aliyoishika ndiyo. Nianze na mayai kwa kuwa hayo hayangoji, kisha twende kwenye historia.

Nambari ulizotaja zinatosha kuonyesha kasoro ilipo. W1209 hutoka kiwandani ikiwa na pengo la nyuzi 2. Ukiweka 37.7, hukata stima ya balbu joto likifika hapo, na hairudishi mpaka lishuke hadi 35.7. Ndiyo maana unaona 35.5: balbu zimeshawaka, ila zinachukua muda kuipasha hewa moto, na katika muda huo joto linazidi kushuka. Ile 39 inatoka upande wa pili. Balbu zikizimwa, vioo vyake, soketi na ubao ulio karibu bado ni vya moto na vinaendelea kutoa joto ndani ya sanduku. Isitoshe, wati 200 kwa mayai 60 ni nyingi mno. Hewa iliyo karibu na balbu huwa imeshapita lengo kabla sensa (kihisi joto cha W1209) haijapata habari. Kwa hiyo una makosa mawili yanayosaidiana: habari inachelewa, na nguvu ya kurekebisha imezidi.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha kipimo chenyewe hakidanganyi. Jaza thamosi maji ya uvuguvugu wa kama nyuzi 38. Funga ncha ya sensa pamoja na ncha ya themomita ya homa, ile ya dijitali ya duka la dawa, uzitumbukize na kusubiri dakika tano. Themomita ikisoma 37.6 na W1209 ikisoma 38.1, weka P4, mpangilio wa kusahihisha kipimo, iwe −0.5. Kisha punguza pengo: bonyeza SET kwa sekunde tano mpaka P0 itokee, sogea hadi P1 kwa kitufe cha kujumlisha, bonyeza SET tena, ushushe kutoka 2.0 hadi 0.3. Usiende hadi 0.1. Rilei, yaani swichi ya ndani inayowasha na kuzima balbu, itakuwa inabofya kila mara, pointi zake zitaungua, na siku zikigandana balbu hazitazimika tena na utaamka ukute mayai yameiva. Ukiwa humo humo angalia P5, ambayo ni dakika za kuchelewesha. Kwa mashine ya vifaranga inatakiwa iwe 0.

Balbu ndizo zinazohitaji hesabu. Kwa saa ya simu, pima zinawaka dakika ngapi na kuzimika dakika ngapi. Tuseme mchana, chumba kikiwa nyuzi 25, zinawaka dakika 1 na kuzimika dakika 9. Sehemu moja ya kumi ya wati 200 ni wati 20, na hicho ndicho sanduku linachopoteza kwa tofauti ya nyuzi 12.7. Usiku wa Julai chumba kikishuka hadi 11, tofauti inakuwa 26.7, hivyo utahitaji kama wati 42. Balbu mbili za wati 40 zinatosha kabisa: usiku wa baridi zitawaka karibu nusu ya muda, na moja ikiungua, nyingine itayashikilia mayai karibu na lengo hadi asubuhi. Nunua zile za kizamani zenye uzi ndani, maana LED hazitoi joto la maana. Utazipata Luthuli Avenue, katikati ya Nairobi, pamoja na W1209 ya akiba, ambayo ni vizuri kuwa nayo.

Sensa iwe kimo cha mgongo wa mayai, sentimita mbili au tatu kutoka yalipo, isiguse yai wala ukuta, na isionane uso kwa uso na balbu. Feni izunguke muda wote, isipitie kwenye rilei. Mwisho tia ndani chupa ya maji ya lita 2. Itachelewesha sanduku kupata moto siku ya kwanza, lakini baada ya hapo inameza joto linalozidi na kulirudisha linapopungua, na stima ikipotea inakununulia muda. Ukimaliza hayo, kuyumba kutabaki ndani ya nusu nyuzi hivi. Yai hupokea joto polepole kuliko hewa, kwa hiyo kupanda kwa dakika chache hakuliui. Kinachoua kiinitete ni saa nyingi juu ya 39.

Sasa tuje kwa kijana wako. Mmoja wa watu wa kwanza Ulaya kutengeneza kifaa cha kushikilia joto bila mkono wa mtu alikuwa Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyefanya kazi London mwanzoni mwa karne ya 17, na moja ya kazi za kifaa chake ilikuwa hiyo hiyo yako, kuangua mayai. Ndani ya chombo cha kioo alitia spiriti na zebaki. Spiriti ikipata joto hutanuka na kuisukuma zebaki, zebaki huinua kijiti, na kijiti hufunika tundu la jiko hadi moto ufifie. Joto likishuka, tundu hufunguka. Stima haikuwepo, lakini mzunguko ni ule wa sanduku lako: pima, linganisha na lengo, rekebisha, pima tena. Mzunguko huo ndio tunaouita mrejesho.

Mwaka 1788 James Watt alifunga kwenye injini ya mvuke mipira miwili ya chuma inayozunguka. Kasi ikizidi, mipira hupanuka kwenda nje na kubana vali ya mvuke. Spidi gavana (vidhibiti mwendo) za matatu, zilizolazimishwa na kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki kuanzia 2004 kwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, ni za ukoo huo, na nitazirudia. Katika karne iliyofuata injini nyingi zilisumbua kwa kuyumba, kasi ikipanda na kushuka bila kutulia, hata pale vyuma vilipochongwa kwa ustadi. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell akaandika hesabu za kuonyesha ni wakati gani mrejesho hutulia na ni wakati gani unazidisha kile kile ulichowekwa kukizuia.

Kuna hatua mbili zaidi za mafundi ambazo kijana wako atazikuta darasani. Nicolas Minorsky alichunguza jinsi manahodha wazoefu wanavyoshika usukani wa meli, na mwaka 1922 akaeleza kwamba hawaangalii kosa la sasa tu. Huangalia pia kosa limedumu kwa muda gani na linabadilika kwa kasi gani. Mdhibiti wa PID, anayetumika viwandani hadi leo, ana sehemu hizo tatu. Mwaka 1942 John Ziegler na Nathaniel Nichols wakatoa njia ya kumrekebisha bila hesabu ndefu: zima sehemu mbili za mwisho, ongeza nguvu ya ile ya kosa la sasa mpaka mtambo uanze kuyumba kwa kipimo kisichokua wala kupungua, andika nguvu hiyo na muda wa wimbi moja, kisha weka nguvu iwe 0.6 ya ile uliyoandika, muda wa kujumlisha makosa yaliyopita nusu ya wimbi, na muda wa kutangulia mabadiliko moja ya nane ya wimbi. Yaani unauyumbisha mtambo makusudi ili ukuambie tabia yake. Kwa sanduku la mayai 60 hiyo ni gharama bure, W1209 inatosha.

Hadi hapo kila fundi alikuwa na mashine yake. Aliyeziweka zote chini ya elimu moja ni Norbert Wiener, mwanahisabati wa chuo cha MIT Marekani, na kilichomsukuma ni vita. Kuanzia 1940 alishughulikia mizinga ya kutungua ndege. Ndege ikienda mita 100 kwa sekunde na risasi ya mzinga ikichukua sekunde 20 kufika juu, ndege itakuwa imesogea kilomita 2. Basi lazima ulenge mahali ambapo ndege haijafika. Pamoja na mhandisi Julian Bigelow, Wiener alitafuta hesabu ya kukisia njia ya rubani kutokana na alikotoka. Mashine yao haikufika vitani. Iliyofika ni ya Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, iliyotumia hesabu rahisi zaidi, na pamoja na rada na fyuzi zinazolipuka zikikaribia shabaha, ndiyo iliyoangusha V-1, mabomu ya Wajerumani yaliyoruka bila rubani, mwaka 1944.

Walichopata Wiener na Bigelow ni kikubwa kuliko mzinga. Waliona kwamba mrejesho wenye nguvu kupita kiasi huifanya mashine itikisike huku na huku bila kutua. Wakamuuliza Arturo Rosenblueth, mwanafiziolojia kutoka Mexico, kama kuna binadamu anayetikisika hivyo. Akawaambia wapo: watu walioumia serebelamu, ile sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. Mtu huyo akikaa tu, mkono umetulia. Akiunyoosha kuchukua glasi ya maji, mkono unaipita glasi, anaurudisha nao unapita tena upande wa pili, kila mara zaidi, hadi maji yanamwagika. Ni ugonjwa wa sanduku lako, ndani ya mwili. Mwaka 1943 watatu hao walichapisha makala wakisema kwamba kuwa na lengo, jambo lililodhaniwa ni la viumbe hai pekee, kunaweza kuelezwa kwa mrejesho, iwe ni mnyama au mashine. Mwaka huo huo Warren McCulloch na Walter Pitts walionyesha kwamba neva zilizochukuliwa kama swichi za kuwaka na kuzima zinaweza kufanya hesabu za mantiki. Mwaka 1948 Wiener akatoa kitabu chake kuhusu udhibiti na mawasiliano katika mnyama na katika mashine, na saibanetiki ikapata jina.

Jina lilienea haraka kwa sababu uwanja ulikuwa umeshaandaliwa. Kati ya 1946 na 1953 taasisi ya Macy ya New York iligharimia mikutano kumi iliyowaketisha pamoja watu ambao kwa kawaida hawasomani: wanahisabati kama John von Neumann, madaktari wa akili, na wanaanthropolojia Margaret Mead na Gregory Bateson. Walibishana sana na kukubaliana kwa machache, lakini msamiati wa mrejesho na habari ukatoka pale ukaingia kwenye saikolojia, biashara na siasa.

Kwa maoni yangu, mwenye manufaa zaidi kati ya watu wa elimu hiyo ni W. Ross Ashby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza. Mwaka 1948 aliunda homeostati, mtambo wa vyombo vinne ambavyo kila kimoja kiliathiri vingine vitatu. Ukiuvuruga, hata kwa kugeuza nyaya, ulihangaika, ukabadilisha miunganisho yake kwa kubahatisha, mpaka ukatulia tena. Kanuni aliyoieleza kitabuni mwaka 1956 ni hii: anayetaka kudhibiti kitu lazima awe na aina za majibu zisizopungua aina za misukosuko inayomjia. Ipime kwenye sanduku lako. Mashine yako inajua jibu moja tu, kuongeza joto. Mchana wa Februari, chumba cha mabati kikifika nyuzi 35, na mayai yakiwa yamepita wiki mbili na vifaranga ndani vinatoa joto lao wenyewe, balbu zitazimika lakini joto litaendelea kupanda. Hakuna marekebisho ya P1 yatakayokusaidia hapo. Inabidi uupe mtambo jibu la pili: tundu la hewa lenye kifuniko, au W1209 nyingine iliyowekwa kwenye hali ya kupoza, inayowasha feni ya kutoa hewa nje ikifika 38.2.

Kuhusu jamii, Wiener mwenyewe alikuwa na wasiwasi mapema. Baada ya Hiroshima alikataa kuwapa watengenezaji wa makombora kazi zake, na mwaka 1949 alimwandikia Walter Reuther, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari Marekani, kumwonya kwamba viwanda vinavyojiendesha vinakuja na vitawaacha watu wengi bila ajira. Muungano wa Kisovieti ulianza kwa kuitukana elimu hii. Kamusi ya falsafa ya 1954 iliiita sayansi bandia. Mwaka mmoja baadaye wanasayansi Sobolev, Kitov na Lyapunov wakaitetea hadharani, na kufikia 1962 Viktor Glushkov wa Kiev alikuwa anapendekeza mtandao wa kompyuta wa kuendesha uchumi wa nchi nzima. Mwaka 1970 uongozi wa Chama cha Kikomunisti haukuupitisha kama alivyoutaka. Wizara zilizokuwa zikishindana hazikuwa na haja ya mtandao ambao ungeonyesha hesabu zao kwa wenzao.

Chile ilifika mbali zaidi kwa vifaa vichache. Julai 1971 mhandisi kijana Fernando Flores, wa shirika la serikali lililosimamia viwanda vilivyotaifishwa, alimwandikia Stafford Beer, mshauri Mwingereza wa saibanetiki, kuomba msaada. Serikali ya Rais Salvador Allende ilikuta ghalani mamia ya mashine za teleksi, za kutuma maandishi kwa waya, zilizonunuliwa na serikali iliyotangulia. Wakaziweka viwandani, takwimu zikatumwa Santiago, na kompyuta ikazichambua. Ikiona uzalishaji unaelekea kubaya, wa kwanza kuambiwa alikuwa meneja wa kiwanda, naye alipewa muda maalumu wa kurekebisha. Muda ukipita ndipo habari ilipanda ngazi. Huo ni usanifu mzuri sana, kwa sababu unaweka marekebisho karibu na kosa. Watu hupenda kuonyesha picha za chumba cha viti saba vyenye vitufe mkononi, lakini kilichofanya kazi hasa ni teleksi. Wenye malori walipogoma Oktoba 1972, ndizo zilizotumika kujua barabara ipi iko wazi na bidhaa zimekwama wapi. Mapinduzi ya Septemba 11, 1973 yakauzima mradi.

Jina la saibanetiki lenyewe likafifia. John McCarthy, aliyeandaa mkutano katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1956, alichagua kuiita kazi yake akili bandia, kwa sehemu ili asiwe chini ya kivuli cha Wiener, na fedha nyingi zikaenda huko. Mawazo yalibaki. Hata mitandao ya neva inayosifiwa leo ina mizizi kwenye ile kazi ya 1943, na hufundishwa kwa kurudishiwa makosa yake.

Nilisema nitazirudia spidi gavana. Kile kidude kilikuwa sahihi kiufundi. Kilichokiangusha mara nyingi ni kwamba mzunguko wa pili, ule wa kukagua kama kimefungwa, ulipita kwa askari barabarani na kwa makanga, na fundi yeyote aliweza kukizima siku isiyo na ukaguzi. Mafundi hukosea sana hapa: wanahesabu mrejesho wa mashine na kusahau mrejesho wa watu wanaoizunguka. Kila mzunguko una lengo, na aliyeliweka lengo hilo mara nyingi siye anayebanwa nalo.

Mkopo wako wa simu ni mfano mwingine. Programu inapima unalipa mapema au unachelewa, inalinganisha na lengo la mkopeshaji, inapandisha au kushusha kikomo chako, kisha inapima tena. Kwa mkopeshaji mzunguko huo unatuliza hasara. Kwako unaweza kufanya kinyume: kikomo kikishuka wiki unayohitaji chakula cha kuku, kuku wanataga kidogo, unachelewa kulipa, kikomo kinashuka tena. Tena kuna kuchelewa: mayai uliyoyaweka leo yataanguliwa baada ya siku 21, na si kila kifaranga huuzwa siku anayotoka, huku mikopo mingi ya simu ikidai ndani ya siku 30 au chini. Mkopo wa mzunguko mfupi kwa biashara ya mzunguko mrefu utakuyumbisha hata ukiwa mlipaji mwaminifu. Kwa mashine ya vifaranga tafuta mkopo wa chama au sako wa miezi mitatu au zaidi, na ule wa simu uuachie mambo ya wiki moja.

Na programu ikikukatalia, usikubali kwamba "mfumo umekataa". Kwanza angalia kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Kisha tumia kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Uamuzi unaokuathiri kwa uzito ukifanywa na mashine peke yake, mkopeshaji anapaswa kukujulisha kwa maandishi, nawe unaweza kuomba ufikiriwe upya au ufanywe mwingine usiotegemea mashine pekee. Masharti uliyokubali ulipojisajili yanaweza kumruhusu kutumia mashine, lakini hayaondoi haki hiyo ya kuomba. Andika barua pepe fupi yenye tarehe ya uamuzi, kiasi ulichoomba na nambari yako ya kumbukumbu, uulize kama kuna mtu aliyeuangalia uamuzi huo, na uambatishe rekodi ya malipo yako ya miezi sita. Wasipokujibu, barua hiyo hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.